Fimir kwenye HeroQuest mpya: hawamo

Unauliza kama Fimir, wale maadui wa jicho moja, wamo kwenye toleo jipya la HeroQuest, mchezo wa ubao wa mashujaa na maadui? Hapana, hawamo. Nafasi yao wamepewa Abomination, majitu yenye sura ya samaki, na wale maadui wengine, Chaos Warrior, sasa wanaitwa Dread Warrior. Toleo la 1989 kampuni ya Milton Bradley walilitengeneza pamoja na kampuni ya Games Workshop, na Fimir ni mali ya Games Workshop. Hili la sasa ni la Hasbro peke yao.

Lakini wewe unayesubiri kisanduku kwa hamu, vinyago vyako vya zamani usivitupe. Ubao bado ni miraba 26 kwa 19, kwa hiyo Fimir wako anasimama pale pale ambapo ramani inaonyesha Abomination, kazi imeisha. Mimi hata namwona mzuri zaidi, na lile jicho lake moja.

Angalia kadi za maadui tu. Kwenye sheria za Ulaya za 1989 karibu kila adui alikufa kwa jeraha moja, fuvu moja la dadu lisilozuiwa na kwisha habari yake. Toleo jipya limefuata sheria za Marekani: Abomination ana uhai 2, Dread Warrior 3. Ukichanganya kadi za zamani na mpya, mashujaa watapita kama wanatembea sokoni.