Boti ya mpira na injini yake: anza na uzito kabla ya kasi

Mtu anayenunua boti ya mpira, ile ya kujazwa hewa, kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili mdomoni: inakwenda kasi gani, na inachukua watu wangapi. Nimetumia boti za namna hii kwa miaka mingi, nyingine kwa kuvulia samaki na nyingine kwa kufikia mashua iliyotia nanga mbali na ufuo, na kila anayeniomba ushauri humrudishia swali jingine: ni nani atakayeibeba hadi majini, na atakuwa na wa kumsaidia? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu, kuanzia aina ya sakafu hadi ukubwa wa injini, kwa sababu boti na injini vinavyomshinda mtu kuvinyanyua huishia stoo hata vingekuwa bora namna gani.

Sakafu ndiyo inayotofautisha boti moja na nyingine kuliko urefu wala rangi. Nyepesi kuliko zote ni ile ya vibao vyembamba vilivyofunikwa kwa kitambaa, ambayo hukunjwa pamoja na boti yenyewe. Boti ya aina hiyo yenye urefu wa mita 2.3 huwa na kilo 20 na ushei, nayo huingia kwenye buti ya gari dogo, lakini hulegea miguuni na haifai kwenda kasi. Ipo pia sakafu ya kujazwa hewa, ambayo ndani yake kuna maelfu ya nyuzi zinazoshikanisha kitambaa cha juu na cha chini, hivyo ikijaa vizuri hubaki bapa na mtu mzima husimama juu yake bila kuyumbayumba. Sharti lake ni kwamba ijae kweli. Maboya ya pembeni huhitaji takriban bari 0.25 (bari ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), ilhali sakafu hii huhitaji kama bari 0.7 au 0.8, na pampu ya mguu inayotiwa kwenye boksi la boti mara nyingi haifiki huko. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba boti yao hujipinda katikati kila wimbi linapopita chini yake, kumbe sakafu ilikuwa na nusu tu ya hewa iliyotakiwa. Kwa hiyo muulize muuzaji pampu inafikisha bari ngapi, na kama haina kipimo, nunua nyingine yenye kipimo siku hiyohiyo.

Sakafu ya vipande vya mbao au alumini huvumilia injini kubwa zaidi, lakini boti ya mita 3 iliyo nayo hukaribia kilo 50 na wakati mwingine huzidi. Kuipanga nako ni kazi: vipande viwili vya katikati husimamishwa vikiegemeana kama paa la nyumba, kisha hukanyagwa kwa pamoja hadi vilale, na asiye mwangalifu hubanwa vidole. Boti yenye tumbo gumu la faiba au alumini, ambayo ilianza kubuniwa miaka ya 1960 katika chuo cha Atlantic College huko Wales, hukata mawimbi vizuri kuliko nyingine zote, nami ningeipendekeza bila kusita kwa mwenye trela au mahali pa kuiacha karibu na maji. Asiye na hivyo asiitamani, kwa kuwa haikunjiki. Kwa mtu anayebeba boti yake mwenyewe, chaguo langu ni sakafu ya hewa katika boti ya mita 2.6 hadi 2.9, na sijaona sababu ya kubadili maoni hayo.

Kuhusu kitambaa, mashindano ni kati ya PVC, ambayo ni plastiki, na kile cha mpira ambacho wafanyabiashara bado wanakiita Hypalon, ingawa kampuni ya DuPont iliyomiliki jina hilo iliacha kukitengeneza mwaka 2010 na sasa kinatoka kwa watengenezaji wengine. Hypalon hustahimili jua na petroli kwa miaka mingi zaidi, lakini bei yake ni kubwa. PVC ni nafuu, na mishono yake huweza kuyeyushwa kwa joto ikashikana yenyewe, jambo lililo bora kuliko gundi pale kazi inapofanywa kiwandani kwa uangalifu. Udhaifu wake ni jua kali, ambalo baada ya miaka huifanya inate au ikakamae. Boti inayokaa ndani ya mfuko wake au chini ya turubai ikitumiwa mwisho wa juma haihitaji Hypalon, ila ile inayoachwa majini mchana kutwa, miezi nenda miezi rudi, inaihitaji. Zingatia pia kwamba gundi ya kiraka cha PVC haishiki Hypalon, wala ya Hypalon haishiki PVC, kwa hiyo ujue boti yako ni ya kitambaa gani kabla hujatobokewa.

Kwenye ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma ya boti unaofungwa injini, au karibu nao, kuna kibandiko kinachoonyesha idadi ya watu, mzigo wa juu kabisa, na nguvu ya injini isiyopaswa kuzidishwa. Yasome yote, kisha idadi ya watu uipokee kwa tahadhari. Pale palipoandikwa watu wanne, wanne hao hukaa magoti yakigusana, bila mfuko, bila nanga na bila tangi la mafuta. Mimi huhesabu mmoja pungufu. Nguvu ya injini, kwa upande wake, haina mjadala, na uzito wa injini nao ni hivyohivyo, maana injini nzito huzamisha tezi na kuinua omo, yaani mbele ya boti, hata kabla hujaiwasha.

Hapo ndipo wengi hupotoshwa. Muuzaji mmoja aliwahi kunihakikishia kwamba injini yenye nguvu ya farasi 10 ndiyo "ya kawaida" kwa boti niliyokuwa nikiitazama, wakati kibandiko chake kiliishia farasi 6. Injini ndogo za mipigo minne zenye nguvu ya farasi 2 na nusu huwa na kilo 13 hadi 17. Zile za farasi 4 hadi 6 huzunguka kilo 25. Na za farasi 10 nyingi hufika kilo 35 hadi 45. Namba hizi huonekana ndogo dukani, ambako injini imening'inizwa kwenye stendi yake. Zifikirie ukiwa umesimama ndani ya boti inayochezacheza, unapokea injini kutoka kwa mtu aliye juu yako, mkono mmoja kwenye kishikio na mwingine kwenye shafti, ule mguu wa injini unaoshuka majini, huku bano zake bado hazijaingia kwenye ubao wa tezi. Kilo 15 mtu mmoja huziweza, kilo 25 huziweza akiwa na nguvu na maji yakiwa shwari, lakini kilo 40 ni kazi ya watu wawili.

Injini ya farasi 2 na nusu itaisukuma boti ya mita 2.7 yenye watu wawili kwa takriban kilomita 7 kwa saa, na kasi hiyo haitaongezeka sana hata ukikaza mkono, kwa sababu boti bado inalima maji badala ya kupanda juu yake. Kupanda juu ya maji ukiwa peke yako huwezekana kwa farasi 6 katika boti nyepesi. Mkiwa wawili na mizigo, jihesabie farasi 8 hadi 10. Watengenezaji wengi hutumia bloku moja, yaani mwili uleule wa injini, kwa injini za farasi 4, 5 na 6, hivyo uzito wake hulingana au kukaribiana sana. Ikiwa umeshakubali kubeba kilo 25, basi nunua ya 6, mradi kibandiko kinairuhusu.

Urefu wa shafti ulingane na ubao wa tezi: shafti fupi ni ya ubao wa sentimita 38 hivi, na ndefu ni ya sentimita 51. Boti ndogo nyingi za mpira hutumia fupi. Bapa la injini lililo juu kidogo ya panga boi, lile linalozunguka na kusukuma maji, linapaswa kuwa sawa na chini ya boti au kushuka sentimita mbili tatu. Likiwa juu zaidi, panga boi huvuta hewa na injini hupiga kelele bila kusukuma.

Mota ya umeme ni tulivu, haina kabureta ya kuziba, na betri yake huweza kutenganishwa ili mzigo ubebwe mara mbili. Hata hivyo, mota ya kilowati 1 yenye betri ya kilowati-saa 1 huimaliza kwa saa moja ikiendeshwa kwa nguvu zote, kwa hiyo inamfaa mwenye safari fupi na mahali pa kuchaji.

Injini iliyotumika nayo inafaa, mradi uione ikiwashwa ikiwa ya baridi. Iguse kabla ya kamba kuvutwa. Ikiwa ina joto, mwenyewe ameiandaa kabla hujafika. Kwa injini inayopozwa kwa maji, shafti ikiwa imezama kwenye pipa, tazama mchirizi unaotoka pembeni: uwe na nguvu na usikatike. Sukuma gia mbele, kisha irudishe katikati, halafu vuta kamba nyekundu ya usalama ambayo dereva huifunga mkononi au mguuni. Injini isipozima papo hapo, swichi hiyo itengenezwe kabla ya kuzungumzia bei.