Muulize Mzee wa Antena: Nimepewa mnara bure, nipande?

SWALI: Mzee, habari yako. Niko Umoja hapa Nairobi, leseni ya redio ya ham (ile ya kuongea hewani kama hobi) Mamlaka ya Mawasiliano, CA, walinipatia mwaka jana. Sasa kuna mzee mmoja Embakasi anahama kurudi kwao na ana mnara wa mita 15 kwa uwanja wake, ameniambia nikiweza kuutoa ni wangu, bure. Umesimama hapo kitambo sana, juu kuna Yagi ya zamani (antena ya fito inayoelekezwa upande mmoja) na rota, ile mota ya kuizungusha. Nina mkanda wa kiuno fundi wa stima ameniazima, na juu siogopi, nimefanya mjengo miaka 3. Swali langu ni moja, nianze kufungua wapi? – Kijana wa Umoja

JIBU: Anzia chini kabisa kijana wangu, pale miguu ya mnara inaingia kwa simiti, na siku ya kwanza usibebe hata spana, beba nyundo ndogo na tochi. Minara mingi ya aina hiyo miguu ni paipu, ndani ni tupu, maji yanateremka mpaka chini na kama kile kitundu cha kuyatoa kimeziba (ama fundi alikizika kwa simiti, hiyo nimeiona mara nyingi kuliko ningependa) paipu inaoza kutoka ndani huku nje inang'aa kama sufuria ya harusi. Gonga polepole ukizunguka. Chuma nzima inalia, iliyooza inatoa sauti ya debe. Na ukiona kutu imechuruzika kwa kiungo, hapo hapandi mtu, hata wewe wa mjengo.

Halafu hiyo ni Embakasi, udongo ni ule mweusi. Unaujua vile ulivyo, mvua ya Aprili ikija unafura, jua la Januari likichoma unapasuka mpaka unaingiza mkono kwa ufa. Nanga za zile waya za kushikilia mnara zimekaa humo miaka yote zikisukumwa huku na huku, kwa hivyo usishangae ukikuta waya moja imelegea na nyingine imekazwa kama ya gitaa. Tembea kwa kila nanga, chimba kidogo pale chuma inaingia ardhini, maana kutu hupenda kujificha hapo chini tu ya udongo ambapo macho hayafiki. Angalia pia zile klipu za U zinazofunga waya pale imekunjwa, tandiko lake (kile kipande ambacho U inapita) linakaa upande wa waya inayobeba mzigo na U inabana mkia, ile ncha iliyorudishwa, zikiwa zimegeuzwa ujue aliyefunga alikuwa anabahatisha na pengine kuna mengine alibahatisha.

Mbona nakuzungusha chini hivi na wewe unataka kwenda juu? Kwa sababu mkanda wowote unakufunga na mnara, na mnara ukienda mnaenda nao. Kubomoa ni hatari kuliko kusimamisha. Mtu yuko juu anafungua bolti, rafiki yake chini anaanza kulegeza waya ati asaidie kazi iende haraka, na imeisha hivyo. Waya ya kushikilia haiguswi mtu akiwa juu, mpaka kipande kitakachobaki kiwe kimefungwa waya za muda pande zote 3.

Huo mkanda wa kiuno mrudishie mwenyewe na umwambie asante. Ni wa kukushikilia ukifanya kazi na mikono miwili, haukutengenezwa kudaka mtu. Ukianguka nao unakuvunja mbavu ama unateleza mpaka kwapani, na wengine wamepinduka wakachomoka kichwa chini. Unataka harnesi ya mwili mzima, ile ina mikanda ya mapaja na pete mgongoni, na kamba 2 za kujifunga, si moja. Unahamisha moja wakati nyingine imeshika, hivyo hivyo mpaka juu, hata pale unavuka waya, na hapo ndipo watu hujifungua "sekunde moja tu". Zungusha kamba kwa mguu wa mnara juu ya kiungo, zile fito nyembamba za katikati usiziamini. Halafu piga hesabu: kamba ya mita 1.8, kifuko chake cha kupunguza mshtuko kikichanika kinaongeza mita 1 ama zaidi, na wewe mwenyewe una urefu wako, halafu lazima ibaki nafasi ya akiba, kwa hivyo ukijifunga usawa wa miguu unahitaji karibu mita 6 za hewa chini yako. Ukiwa mita 4 kutoka chini hiyo kamba ni urembo tu. Jifunge juu ya kichwa. Na harnesi ya mtumba ya Gikomba usinunue, viatu sawa, lakini harnesi iliyokaa juani ama iliyowahi kudaka mtu huwezi kuijua kwa macho.

Sasa ukiniuliza mimi ningefanyaje, singepanda. Ningekodi lori la kreni na mtu wake anayejua kazi, mnara ushikwe kutoka juu kabla waya yoyote haijaguswa, kisha ulazwe chini mzima na bolti zote zifunguliwe mkiwa mmesimama kwa nyasi. Mzee akisema lori litaharibu maua yake, mwambie basi maua abaki nayo pamoja na mnara.

SWALI: Mzee wangu wa nyumbani hupanda mnara wake Jumapili tukitoka kanisani, mimi ananiambia nishike kamba ya kuvuta vifaa, mtoto nikiwa nimembeba mgongoni. Kuna shida? – Mama wa wawili, Kahawa West

JIBU: Shida iko mama, tena kubwa. Miaka ya nyuma niliangusha spana namba 17 kutoka mita 12 hivi. Ilichukua kama sekunde moja na nusu, ikatoboa mabati ya banda la kuku la jirani ikasimama wima ndani ya chakula chao. Kwa hiyo urefu kitu kinafika chini kikienda karibu kilomita 55 kwa saa, mwendo wa matatu. Nikashuka kuomba msamaha na mikono inatetemeka, maana dakika chache kabla yake kijana wa huyo jirani alikuwa hapo akiokota mayai.

Kwa hivyo mtoto aende kwa shosho yake. Kamba ipitie puli chini ya mnara ndio wewe uvute ukiwa mbali, na uvae kofia ngumu. Redio izimwe na kebo ichomolewe kabla hajapanda, achukue maiki aiweke mfukoni mwake. Awepo mtu wa pili anayejua kupanda na ana harnesi yake, kwa sababu mtu akiachwa ananing'inia bila kusonga damu inabaki miguuni na anaweza kuzimia kwa dakika chache, huwezi kungoja gari litoke mjini. Simu uwe nayo mkononi, 999 ama 112. Na kama hakuna huyo wa pili, asipande hiyo Jumapili. Akikasirika mwambie ni mimi nimesema.

SWALI: Nyuki wameingia kwa boksi ya rota, niwapulizie dawa nikiwa juu? – Ruai

JIBU: Hapana bana! Tafuta mtu wa nyuki, na yeye pia usimpandishe bila harnesi. Ukitaka kuwa hewani wakati unangoja, funga dipole, ile antena ya waya mbili zinazolishwa katikati, ya bendi ya mita 20, waya yenyewe ni kama mita 10 kwa jumla, 5 kila upande, mti mmoja na ukuta vinatosha, mradi isipite juu wala chini ya waya za stima. Jioni mimi hupata Ulaya na waya kama hiyo nikiwa nimeketi na chai.