Niliomba ushauri mtandaoni, nikaishia kusutwa

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tulimwasili binti yetu akiwa mchanga, sasa ana miaka 10. Rangi yake na yetu ni tofauti, mtu anaona tu. Juzi alirudi kutoka shule analia: wenzake wamemwambia mimi si mama yake, na wakamtania kuhusu ngozi na nywele zake. Usiku ule niliandika yote kwenye kundi la mtandaoni la wazazi walioasili, nikaweka na picha yake. Dada mmoja, ambaye mwenyewe alilelewa na wazazi wa rangi nyingine, akanijibu: "Futa. Siku moja atayasoma haya." Wengine wakamuunga mkono. Nimeumia sana. Mume wangu anasema nitoke, hilo ni kundi la watu wenye hasira. Nitoke? Na nikitoka, nikapate wapi wa kunielewa?*
*Mama wa Mmoja*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa machozi ya mtoto, na pole kwa yako.

Andiko hilo lifute leo, kabla hujamaliza kunisoma. Sura ya binti yako na siku iliyomuumiza umeviweka mbele ya watu ambao yeye hawajui na wala hakuwachagua. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, unampa mtoto haki ya faragha katika kifungu cha 16, na haukuongeza maneno "isipokuwa mama anapotafuta ushauri." Swali lako ungeweza kuliuliza bila jina wala picha, na ungejibiwa vilevile.

Ila kundini usitoke. Hapo mimi na mume wako tunapishana.

Yule dada amekuambia kwa maneno matano kitu ambacho mimi, nikiwa na safu nzima, nisingekifikisha vizuri zaidi. Yeye amewahi kuwa huyo mtoto. Wewe na mimi hatujawahi. Baada ya Vita vya Korea kusimama mwaka 1953, maelfu ya watoto wa Korea Kusini walipelekwa kulelewa na familia za Kizungu Marekani na Ulaya, na wazazi wengi waliamini kwamba upendo ukitosha, rangi haina haja ya kutajwa. Watoto wale walikua. Wakaanza kutafutana, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1999 mamia yao kutoka nchi mbalimbali wakakutana Washington. Wapo wengi kati yao wanaosema walipendwa kweli, na bado ubaguzi waliuonja peke yao kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu aliyewahi kuuonja. Hiyo mume wako anayoiita hasira, mara nyingi ni uchovu wa kueleza jambo hilohilo kwa kila mzazi mpya.

Kwa hiyo tafuta makundi yanayoongozwa na watu walioasiliwa, si ya wazazi peke yao. Baadhi humtaka mzazi asome tu kwa muda kabla ya kuruhusiwa kuandika. Usione ni dharau. La wazazi wenzako baki nalo kwa mambo yenu: usingizi, makaratasi ya mahakama, ndugu wanaouliza maswali ya ovyo. Lakini litazame kwa jicho kali. Nani anaendesha? Picha za watoto zinaruhusiwa? Aliyeasiliwa akisema lisilopendeza, anafutwa? Na mtu akianza kuzungumzia "kumhamishia" mtoto familia nyingine, ondoka na utoe taarifa kwa ustawi wa jamii. Si kwamba nakutisha bure: mwaka 2013 shirika la habari la Reuters lilifichua makundi ya Yahoo na Facebook ambamo wazazi wa Marekani walikuwa wakitafuta watu, hata wasiowajua, wa kuwachukua watoto waliowaasili.

Sasa binti mwenyewe. Barua yako inaeleza vizuri ulivyoumia wewe, lakini sikuona mahali ulipomuuliza yeye aliwajibu nini wale wenzake. Muulize. Usimwambie "sisi hatuangalii rangi," maana wenzake wameiangalia na yeye ndiye aliyelia. Mwambie walichofanya ni ubaguzi, ulitaje kwa jina lake, kisha nenda shuleni wewe na baba yake mkadai hatua. Mfundishe pia kwamba si kila anayeuliza anastahili jibu. "Hayo ni ya familia yetu" inatosha, na ana ruhusa ya kulisema hata kwa mtu mzima.

Halafu kuna kitu ambacho mtandao hauwezi kukupa. Mtoto huyu anahitaji watu wa rangi yake anaowaona kwa macho, wanaomjua kwa jina: mwalimu, daktari, rafiki wa familia, mtu wa kumtengeneza nywele asiyezishangaa. Sherehe moja ya utamaduni kwa mwaka haihesabiki. Ikibidi kubadilisha shule au mtaa ili asiwe peke yake kila chumba anachoingia, hamieni nyinyi. Kubwa hilo najua, lakini kwa sasa anayebeba ugeni kila siku ni mwenye miaka 10.

Tena muda si mrefu atakuwa na simu yake. Ndugu zake wa damu anaweza kuwatafuta kwenye mitandao, au wao wakamtafuta, usiku, wewe umelala. Mwambie sasa unachokijua kuhusu wazazi waliomzaa, kwa kiasi cha umri wake, na umuahidi kwamba siku akitaka kutafuta mtatafuta pamoja.

Kwa yule dada andika mstari mmoja: umefuta, na asante. Usimwombe akufariji. Na mume wako naye ajiunge, asome kimya kama wewe, kisha ndiyo mjadiliane kama hao watu wana hasira au la.

*Shangazi*