Nilisema "tuligombana", askari akaandika alichosikia

Mara ya kwanza nilipokwenda kituoni kumshtaki mume wangu, askari wa zamu aliniuliza, "Kumetokea nini?" Nikajibu, "Tuligombana." Hata kumeza mate ilikuwa kazi, shingo inawaka, lakini aibu ndiyo iliyozungumza. Akaandika "ugomvi wa kifamilia", akanishauri tukayamalize nyumbani. Nilimlaumu, na bado namlaumu: kazi yake ilikuwa kuniuliza zaidi, tena faraghani, si pale kaunta mbele ya watu. Ila neno lile nilimpa mimi.

Lugha yetu ina hila hapo. Kitenzi kikishaishia na "-ana", mmekuwa wawili mnaotendana: tulipigana, tulisukumana. Anayeandika maelezo hapati mtenda, hapati mtendwa. Kwa hiyo ukifika mtaje: alinipiga, kwa kitu gani, mara ngapi, wapi mwilini, nani alikuwepo. Na kama ulimrudishia ili ujiokoe, liseme mwenyewe mapema. Akiitwa ataonyesha mkwaruzo wake, na wapo waliokwenda kushtaki wakajikuta nao wamewekwa ndani.

Kama alikukaba koo, anza na hilo. Mimi nililificha, kumbe ndilo kubwa kuliko yote. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake, uwezekano wa kuja kuuawa naye ulikuwa zaidi ya mara 7 kuliko kwa asiyewahi. Tatizo ni kwamba kukabwa mara nyingi hakuachi alama. Askari anatazama shingo, haoni kitu, anaona unatia chumvi. Basi mweleze asichokiona: sauti imekauka, kumeza kunauma, ulipoteza fahamu, ulijikojolea. Ndiyo, hata hilo la kujikojolea. Daktari naye aambiwe yale yale, na atazame machoni kama kuna vidoa vyekundu. Kama unapumua kwa shida, nenda hospitali kwanza.

Mara ya pili nilishtaki vizuri, halafu nikaenda kufuta mwenyewe. Sitajitetea. Alilia, aliapa, na mimi nilikuwa namwogopa zaidi akiwa na kesi kuliko akiwa hana. Niliporudi mara ya tatu nilipokewa kwa swali: "Wewe si yule uliyefuta?"

Swali hilo linawarudisha wengi mlangoni. Mimi nalijibu hivi: ndiyo, nilifuta, na sababu ilikuwa vitisho, naomba na hilo liandikwe. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya Opuz dhidi ya Uturuki. Mwanamke na mama yake walishtaki mara kadhaa, wakafuta, majalada yakafungwa, mpaka mwaka 2002 yule mume akamuua mama mkwe wake. Mahakama ilisema dola haiwezi kujificha nyuma ya "wameondoa malalamiko" wala "mambo ya familia" wakati hatari inaonekana. Hukumu ile haimlazimishi askari wa kituo chako, najua. Lakini inafaa ujue kwamba kufuta hakukufanyi uwe mwongo.

Nenda na mtu, ikiwezekana, asiyepayuka. Akae kimya, akumbuke aliyewapokea alikuwa nani na ilikuwa saa ngapi. Usiondoke bila namba ya jalada. Ukipuuzwa, omba kuonana na mkuu wa kituo, kwa adabu, bila kutukana, hata kama moyo unataka. Na namba ya simu unayoacha isiwe ile anayoweza kuipokea mumeo. Yangu ilipigwa nikiwa bafuni. Mume wangu alipokea, akasikia "tunapiga kutoka kituoni", na usiku ule nililala kwa jirani.

Maelezo yako usiyatie sahihi kabla hujayasoma. Kama huwezi kusoma, omba usomewe neno kwa neno. Mara ile ya tatu nilisimulia karibu saa nzima, alinipiga, alinikaba, alinifungia, na nilipopewa karatasi nikakuta sentensi ya pili inasema "walipigana". Nikamwomba askari alikate. Alinuna kidogo, akalikata, akaandika "alimpiga", akatia sahihi yake pembeni.