"Hang'ati huyo" siyo kamba

Mbwa wangu ni mpole. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemwomba amfunge mbwa wake kamba hunijibu hivyo hivyo: wa kwangu mpole, hang'ati. Namwamini kabisa. Ila mtoto wa miaka minne anayeliona jibwa linamjia mbio hajui tabia za mbwa huyo, na muda wa kuuliza hana.

Naishi Dar es Salaam, na mbwa wangu namtembeza Coco Beach. Asubuhi ufukwe unakuwa mtupu, wanakimbia wafanya mazoezi tu. Jumapili jioni hali ni nyingine: familia zimejaa, watoto wanachimba mchanga, moshi wa mishikaki umetanda kila upande. Jumapili moja nilisimama karibu na wauza mihogo, mbwa wangu ameketi miguuni pangu. Mbwa mwingine, mkubwa, alikuwa ameachiwa huru. Alimwendea binti mdogo aliyeshika kipande cha mhogo, na kwa jinsi alivyokuwa akinusa nina hakika shida yake ilikuwa mhogo tu. Mwenyewe akapaza sauti kutoka mbali, "Usiogope, hang'ati huyo!" Binti alishageuka zamani, anakimbia kuelekea Toure Drive bila kutazama kushoto wala kulia. Dereva wa bajaji alifunga breki akasimama hatua chache kutoka kwake. Mama mtu akaja anahema, akambeba mwanawe, akamwambia yule mwenye mbwa, "Kaka yangu, na gari nalo haling'ati?"

Mbwa yule hakumgusa mtoto hata kwa ulimi. Ndiyo maana nasema kamba haihusu meno peke yake. Mbwa mwenye kilo 30 akimrukia mtoto kwa furaha anamwangusha, na mtoto akianguka kwenye mawe ya ufukweni haijalishi mbwa alikuwa na nia gani. Watoto wadogo uso wao uko usawa wa mdomo wa mbwa, kwa hiyo hata jeraha ambalo kwa mtu mzima lingekuwa la mkononi, kwao linakuwa la shavuni au shingoni.

Na kuna jambo ambalo sisi wenye mbwa wa mjini hapa tunalipuuza. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani hii, mate ya mbwa ni najisi: mahali yalipogusa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mtoto anatoka madrasa na kanzu yake safi, mbwa wako anamlamba kwa mapenzi. Wewe unaona kitendo cha kupendeza. Mama yake anaona amedhalilishwa mbele za watu, na ana haki ya kukasirika. Nafasi ya wote lazima iwatoshe na wale ambao dini yao, hofu yao au kumbukumbu ya kung'atwa utotoni inawataka wakae mbali na mbwa.

Sasa kamba yenyewe. Mita moja na nusu mpaka mbili inatosha. Zile zinazojivuta ndani ya kishikio cha plastiki, ambazo hufika mita tano na zaidi, usiende nazo penye watoto: mpaka ubonyeze kitufe mbwa ameshafika, na uzi wake mwembamba unaweza kumkata mtoto miguuni. Kama za dukani ni ghali, mpelekee fundi wa mabegi mkanda imara wa turubai akushonee. Yangu ya kwanza ilishonwa hivyo na ilidumu. Kwa sisi wa kando ya bahari, kagua kile kifungio cha chuma mara kwa mara. Hewa ya chumvi hula springi yake, kwa nje kinang'aa kumbe ndani kimeoza, na kitaachia siku mbwa atakapovuta kwa nguvu. Kitanzi kipitishe kwenye kiganja chote, kisha ushike kamba chini yake. Usizungushie vidole, vinavunjika.

Mtoto akikaribia, fupisha kamba na usimame wewe kati yao, lakini usikaze. Kamba ikikaza shingoni mbwa huhisi umeona hatari, naye anajiandaa. Mtazame. Mbwa anayegeuza kichwa pembeni, kulamba pua, kupiga miayo bila usingizi, kuonyesha weupe wa macho au kukakamaa mwili mzima, anaomba aondolewe. Ondoka naye hapo hapo, wala usione aibu kumkatiza mtu mazungumzo. Wengi husubiri mngurumo, na mbwa aliyezoea kuchapwa anaponguruma anaweza kuacha kunguruma kabisa, akauma bila kutoa onyo.

Dar es Salaam na Nairobi mbwa wengi ni wa ulinzi. Mchana wamefungiwa bandani, usiku wanaachiwa ndani ya geti. Mbwa wa namna hiyo hajawahi kuona puto, baiskeli ya magurudumu matatu wala mtoto anayepiga kelele, kisha siku moja kijana wa bustani anaambiwa amtembeze. Hii inaniuma, kwa sababu kijana yule hajafundishwa chochote na lawama zitamwangukia yeye. Kama unamtuma mtu, hakikisha mbwa anamjua na anakula mkononi mwake, na kwamba nguvu za kumzuia anazo. Waanze na barabara tulivu alfajiri, tena mbwa mmoja mmoja. Usimpe mtoto wako kamba ashike peke yake, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Na usimfunge mbwa kwenye nguzo nje ya duka la Mangi ukaingia kununua unga. Mbwa aliyefungwa bila mwenyewe hana pa kukimbilia, na watoto wa mtaa watamzunguka, mmoja atarusha jiwe.

Nairobi, msitu wa Karura unapokea mbwa na familia kwa pamoja kwa sharti kwamba mbwa awe kwenye kamba. Fukwe na viwanja vyetu vingefaa kuwa na sharti hilo likiwa limeandikwa getini.

Watoto wanaopenda mbwa nao wapo, na wanafurahisha. Akikuomba, "Anko, naomba nimshike," muulize kwanza mzazi, kisha mwachie mbwa aje mwenyewe. Amguse kifuani au begani, si kumpitishia mkono juu ya kichwa wala kumkumbatia shingo. Baada ya sekunde chache aondoe mkono. Mbwa akijisogeza tena, sawa.

Wazazi, acheni kuwatisha watoto kwa kusema "nitamwita mbwa akule." Mtoto aliyelelewa hivyo hukimbia na kupiga kelele, na vyote viwili humwita mbwa amfukuze. Mfundisheni kusimama tuli, mikono imekunjwa kifuani, macho chini, mpaka mbwa achoke aondoke. Akiangushwa ajikunje, afunike shingo na masikio kwa mikono. Wangu tunalicheza kama mchezo uani, na wanaliweza. Pia mwambieni kwamba aking'atwa au kukwaruzwa hatagombezwa. Watoto huficha jeraha wakiogopa kuulizwa walikuwa wakifanya nini kule.

Kuficha huko kunaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, karibu asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo chanjo inaokoa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Mbwa asiuawe kwa hasira za mtaa. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku kumi, kwa sababu afya yake itamsaidia daktari kuamua.

Ikiwa mbwa ni wako, nenda hospitali pamoja na mtoto na mzazi wake na ulipie sindano, zote, siyo ya kwanza tu. Kadi ya chanjo ya mbwa ipige picha ikae kwenye simu, ili mama wa mtoto aione pale pale kabla hata ya kukuomba.