Kususia mabasi Montgomery: kilichoubeba mgomo siku 381

Mkuu, umeuliza kama kususia kunaweza kuung'oa ubaguzi ulioandikwa kwenye sheria, au hasira za watu hupoa ndani ya wiki. Hupoa, tena haraka, watu wasipokuwa na usafiri wa kuwafikisha kazini. Tazama jiji la Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani.

Rosa Parks, mwanamke Mweusi, alikamatwa Alhamisi, Desemba 1, 1955, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Usiku huohuo Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, akaanza kudurufu maelfu ya vipeperushi: karatasi moja ilichapwa ujumbe mara tatu, kisha ikakatwa. Viliomba Weusi wasusie mabasi siku moja tu, Jumatatu. Siku moja kila mtu anaimudu. Mabasi yalipopita matupu, ndipo mkutano wa jioni kanisani ukaamua kuendelea.

Kazi yenyewe ilianzia hapo. Teksi za Weusi zilibeba watu kwa senti 10, sawa na nauli ya basi, mpaka jiji likazibana kwa sheria ya nauli isiyopungua senti 45. Wakageukia magari binafsi, takriban 300, yenye vituo maalumu vya kupakia na kushusha, kwa mfano wa mgomo wa mabasi wa 1953 huko Baton Rouge, jimbo la Louisiana. Fedha za mafuta zilichangwa kwenye mikutano ya makanisani. Georgia Gilmore na wenzake waliuza keki na sandwichi za kuku, majina ya wapishi yakafichwa wasije wakafukuzwa na waajiri wao wazungu.

Pigo baya zaidi lilikuwa bima. Kampuni zilipofuta bima za magari hayo, mgomo ungeweza kufia hapo. Ikabidi bima itafutwe hadi Lloyd's ya London, soko la bima la Uingereza. Anayepanga mgomo leo aanze na swali hilo: wakikata huduma gani tutakwama?

Na msitegemee miguu peke yake. Wakili Fred Gray alifungua kesi mahakama ya shirikisho, Browder dhidi ya Gayle, kwa niaba ya wanawake wengine, kwa kuwa rufaa ya Parks ingeweza kukwama kwenye mahakama za jimbo. Novemba 13, 1956, jiji lilipokuwa mahakamani likiomba magari yazuiwe, Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha kuwa ubaguzi ndani ya mabasi ni kinyume cha katiba. Magari yalizuiwa kweli, watu wakatembea zaidi ya mwezi mwingine hadi amri ilipofika Montgomery, Desemba 20. Kesho yake wakapanda mabasi, wakakaa popote.