Kioo cha darubini kimeshika chumvi: kipanguswe au kiachwe?

SWALI: Salaam alaykum, mhandisi. Nafundisha fizikia katika sekondari moja huku Likoni, Mombasa. Shule ilipewa darubini ya kioo, kipenyo chake milimita 150, nasi tunaiweka afisini penye kiyoyozi ili isiharibike. Sasa kioo kimeshika utando mweupe na vidoadoa, na kila tukiitoa nje usiku, baada ya dakika chache nyota zinafifia kabisa. Wanafunzi wanataka kukipangusa kwa dawa ya madirisha. Nyinyi mnaofanya kazi kwenye vituo vikubwa vya anga mnasafishaje vioo vyenu? Na chetu ndio kimekwisha?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu. Hiyo dawa ya madirisha ifungieni kabatini leo leo. Nyingi zina amonia, na amonia huila alumini, ambayo ndiyo inayorudisha mwangaza katika darubini yenu. Kioo cha kujitazamia nyumbani kina utando wake wa kurudisha mwangaza kwa nyuma, umekingwa na kioo chenyewe. Cha darubini hakiwezi kutengenezwa hivyo, maana uso wa mbele nao ungerudisha mwangaza kidogo na kila nyota ingekuwa na pacha wake hafifu pembeni. Basi alumini hupakwa juu, ikaachwa wazi kwa hewa, na unene wake ni kama nanomita 100 tu, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mkipangusa kwa kitambaa, hata kiwe cha hariri, punje moja ya mchanga iliyonasa chini yake inatosha kuuchora kutoka ukingo hadi ukingo.

Nianze na huko kufifia, kwa sababu hapo mmejitia taabuni kwa nia njema. Hewa ya usiku Likoni huwa na joto la nyuzi 25 au 26, na imebeba mvuke wa kukilowesha kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 23 hivi. Afisi ya kiyoyozi ina nyuzi 20. Mnaitoa darubini ingali baridi, mnafungua kifuniko, na muda si muda mnalitazama anga kupitia umande. Kioo hakijaharibika hapo, kimelowa tu.

Kazini kwetu shida hiyo imepinduka. Kioo kikubwa hushika joto la mchana, kisha usiku hewa inayokigusa inapanda juu ikicheza, na nyota zinaonekana kama zinachemka. Kwa hiyo kuba linaloifunika darubini hupozwa mchana kutwa ili jioni kioo kiwe sawa na hewa itakayoingia. Ndivyo wanavyofanya Sutherland kule Afrika Kusini, penye darubini ya SALT, na kituo cha Paranal nchini Chile. Wao wanapoza kioo, nyinyi mnatakiwa kukipasha. Itoeni darubini kabla ya magharibi, vifuniko vyote vikiwa vimefungwa, ikae saa moja au mbili. Mkifungua mapema mmejiharibia usiku wenu.

Na hicho kiyoyozi, kama kinazimwa saa kumi na moja jioni watu wakienda zao kivukoni, ni heri kisingekuwapo. Chumba kikiwa baridi halafu hewa ya bahari ikapenya chini ya mlango, kila kilichomo kinatoka jasho, kioo chenu kikiwamo. Jambo hilo likirudiwa kila siku ya kazi, muhula mzima, ndilo lililowaletea utando mweupe.

Utando wenyewe ni chumvi, sina shaka. Chumvi huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na usiku wa Pwani aghalabu unapita hapo. Punje iliyotua juu ya kioo ikiwa kavu hugeuka tone la maji ya chumvi. Alumini ina ngozi yake nyembamba ya oksidi inayoikinga, ila klorini ya kwenye chumvi huipenya ngozi hiyo na kutoboa vitundu vidogo. Wakati wa kusi, upepo ukitoka baharini moja kwa moja, hali huwa mbaya zaidi. Mwaka mmoja wa kusi huwafanya nini mabati na vyuma vya madirisha vinavyotazama bahari, mwenyewe wajua.

Sasa vumbi. Sisi wahandisi wa optiki, yaani wa vioo na lenzi, tuna uvivu mmoja tunaojivunia: kioo kikiwa na vumbi tu, hatukigusi. Vumbi hupunguza mwangaza asilimia chache na kuchafua kidogo weusi wa anga, basi. Kinachoiua taswira ni umbo. Uso wa kioo kama chenu unatakiwa usipotoke zaidi ya nanomita 70 hivi kutoka umbo lake, na kazi yetu kubwa ni kulipima hilo na kulilinda. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 kilichong'arishwa kikawa laini ajabu, lakini kwenye ukingo kilikuwa kimechongwa zaidi ya kipimo kwa mikromita 2 na kidogo, yaani zaidi ya nanomita 2,000. Chanzo kilikuwa kifaa cha kupimia, ambacho lenzi yake moja ilikaa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Kioo safi kuliko vyote, na nyota zikatoka na ukungu hadi wanaanga walipopeleka vioo vya kurekebisha mwaka 1993. Kwa hiyo mwanafunzi akiona vumbi juu ya kioo na mkono ukaanza kumwasha, mwambieni atulie.

Chumvi haisubiriwi namna hiyo, lazima itoke. Kwenye vituo vikubwa kazi ya kawaida ni theluji ya kaboni dioksidi. Gesi iliyosindikwa ikatoka mdomoni mwa bomba hugeuka vipande vyeupe vya baridi, nyuzi 78 chini ya sifuri. Kioo huinamishwa, theluji ikateleza juu yake ikiondoka na vumbi, kisha ikayeyukia hewani bila kuacha tone. Msijaribu, chombo chake hamna na baridi ile inaunguza. Ikishindikana hiyo, tunaosha kwa maji na sabuni. Na baada ya muda utando wa zamani wa alumini huondolewa kwa kemikali, kioo kikaingizwa kwenye tangi lililotolewa hewa yote, na alumini mpya ikapakwa. SALT wamejipunguzia mzigo, kwani kioo chao ni vipande 91 vyenye pembe sita, hivyo hutoa vichache vichache na kuendelea na kazi. Kule Paranal kila darubini kubwa ina kioo kimoja cha mita 8.2, uzito wake kama tani 23, nacho hushushwa kwa gari kutoka kileleni hadi kwenye jengo la kupakia. Dereva wa gari hilo simwonei wivu.

Chenu kitaoshwa kwenye beseni. Kabla ya kukifungua, pigeni alama ya penseli ubavuni mwa kioo na nyingine kwenye kishikio chake, zikitazamana, kirudi kama kilivyokuwa. Puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo, maana mate ni uchafu mpya. Tandika taulo ndani ya beseni, laza kioo uso juu, mimina maji vuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na mafuta ya kulainisha mikono, uache robo saa. Pete na saa zivuliwe. Kisha chukua pamba ya dukani iliyo pamba tupu, iloweshe, iburute chini ya maji kwa uzito wake wenyewe bila kidole kuikandamiza. Mvuto mmoja, pamba hiyo itupwe, chukua nyingine. Hapa ndipo wanafunzi hukosa subira, msimamie mwenyewe.

Suala la maji nalo si dogo kwetu. Maji ya kisima Likoni yana chumvi, na hata ya mkokoteni hujui yametekwa wapi. Mkisuuza kwa hayo mmerudisha mlichokitoa. Msuuzo wa mwisho uwe wa maji yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa. Maabara ya kemia inaweza kuyatengeneza, au mnunue maji ya betri kwa wauza vipuri. Someni chupa mara mbili, kwani duka hilo hilo huuza asidi ya betri, pengine rafu ile ile. Mkimaliza, simamisheni kioo kwa ubavu, maji yatiririke. Tone linalobaki lichovyeni kwa ncha ya karatasi ya shashi, msilisugue.

Kikikauka, kiingizeni chumba cha giza na mmulike tochi kwa nyuma. Vidoa vya mwangaza vitakavyoonekana ni pale alumini ilipokwisha kuliwa. Vikiwa vichache vilivyotawanyika, kioo bado kina miaka ya kazi. Kikiwa kama chujio la nazi, kinahitaji kupakwa upya, na kwa kioo cha ukubwa huo gharama ya kukisafirisha na kukipaka mara nyingi inakaribia bei ya kipya. Lakini nadhani hamjafika huko.

Baada ya hapo kiwekeni nje ya afisi ya kiyoyozi, kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli, punje za kunywa unyevu. Pakiti za kwenye viatu ni chache mno. Tafuteni nusu kilo ya zile punje zinazobadilika rangi, zikilowa zikaangwe kwenye oveni zirudie rangi yake. Mchele hautoshi, na utawaletea vidudu. Lenzi za kutazamia nazo ziingie humo. Mikoba ya ngozi itupilieni mbali, koga huanzia kwenye ngozi na kuhamia kwenye lenzi, na asidi yake ikishachimba kioo hakuna wa kuirekebisha.

Mkishakirudisha kioo ndani ya bomba kitakuwa kimeinama upande kidogo, hilo halikosi. Lengeni nyota angavu iliyo juu kichwani, ikae katikati, kisha mharibu fokasi kidogo, nyota ipoteze ukali wake. Mtaona pete ndani ya pete. Zikiegemea upande mmoja, zungusheni skrubu za nyuma ya kioo moja baada ya nyingine, robo mzunguko au chini yake, na kila mara mrudishe nyota katikati kabla ya kutazama tena.